Nani Ana Redio Humu Ndani?

Hotuba hii niliitoa Tanga, Siku ya Redio Duniani, mbele ya wanafunzi wa utangazaji, mafundi wa redio na wazee wachache ambao nadhani walifuata chai. Waliokosa kufika waliniomba niiweke yote, nami nimeiweka kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha. Hata ukumbini hazikuonekana, jua lilikuwa linapiga moja kwa moja.

*

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Hiyo "hatujambo" ni ya watu wawili. Hamjambo? Haya, sasa nimesikia.

Kabla sijasema lolote, tufanye sensa ndogo. Nani ana redio humu ndani? Sisemi redio iliyobaki nyumbani, wala ya kwenye gari la shemeji. Nasema redio uliyokuja nayo, unayoweza kuitoa sasa hivi kwenye begi ukaiwasha tukaisikia. Nyoosha mkono.

Hakuna. Chuo cha utangazaji, Siku ya Redio, ukumbi umejaa, na hakuna redio hata moja. (Kicheko.) Haya, nani ana simu? Basi, basi, shusheni, nimeona.

Nilijua itakuwa hivi, ndiyo maana nilipopita getini nilimwomba mlinzi aniazime ya kwake. Hii hapa. Imefungwa mpira wa baiskeli kwa sababu kifuniko cha betri kilishapotea. Ameniazima kwa sharti moja: ikifika saa kumi iwe imerudi, kuna mechi. Kwa hiyo saa yangu ya hotuba leo anaishika yule baba pale nje.

Mwalimu aliyenialika alinipa swali: je, redio ya mkononi ya kidijitali inaweza kuendelea kuwa na maana kwa vijana? Nimelisoma mara tatu. Watu wengi wakilisoma hukimbilia neno kidijitali, maana ndilo linalong'aa. Mimi ni fundi. Nilianza kufungua redio za watu nikiwa na miaka kumi na miwili, nikaanza kuzifunga nikiwa na miaka kumi na minne. (Kicheko.) Baadaye nimekaa kwenye chumba cha mitambo ya kurushia matangazo miaka ishirini na tatu. Fundi hutazama neno linalobeba uzito, na katika swali hili neno hilo ni mkononi. Tukae hapo. Mkononi.

Nianzie nyumbani kwetu.

Baba alikuwa na redio kubwa ya mbao. Ilikaa juu ya kabati sebuleni, imefunikwa kitambaa cheupe alichofuma mama. Redio ile ilikuwa na kiti chake, na kiti kile kilikuwa na mtu wake. Taarifa ya habari ikianza, hata kuku uani walijua wakati wa kunyamaza. Sisi watoto tulisikia redio, lakini hatukuwa na redio. Mnaiona tofauti?

Sasa, mjomba wetu, mdogo wake mama, alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge huko Korogwe. Siku moja akaja na redio ndogo ya National, iko ndani ya kava la ngozi lenye vitundu mbele, kamba begani. Wakati ule kiwanda cha Matsushita kilikuwa Dar es Salaam, kimeanza miaka ya 1960, redio na betri za National zikawa zinatoka humu humu nchini. Jamani, mjomba alitembea na ile redio mtaa mzima. Alikwenda nayo sokoni. Alikwenda nayo hadi kisimani, mahali ambapo mwanamume hakuwa na shughuli yoyote. (Wazee ndio waliocheka zaidi.) Wasichana wanateka maji, yeye amesimama pembeni, redio inaimba, anatazama upande wa pili kama mtu aliyepotea njia.

Usiku alituachia. Tunaingia nayo chini ya shuka, sauti tumeishusha mpaka inanong'ona, tunatafuta Atomic, tunatafuta Jamhuri Jazz, bendi za hapa hapa Tanga. Ukizungusha kitufe ukapitiliza kidogo, unajikuta Kongo. Betri zikichoka tunazianika juu ya bati. Zikigoma tunaziuma. Msijaribu.

Nawauliza: ile redio ya mjomba ilikuwa na sauti nzuri kuliko ya baba? Hata kidogo. Ya baba ilikuwa na besi mpaka vikombe kabatini vinatikisika. Ya mjomba ilikuwa na sauti ya nyuki ndani ya kopo. Tuliipenda ipi?

Na huko Marekani ilikuwa hivyo hivyo. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka mwaka 1954. Iliuzwa dola 49 na senti 95, fedha nyingi kwa wakati ule, na ndani ilikuwa na transista nne tu. Kwa sauti haikufua dafu mbele ya redio ya sebuleni. Lakini kijana aliweza kuiondoa mbele ya baba yake akaenda nayo anakotaka, akasikiliza anachotaka. Redio ya mkononi ilianza maisha ikiwa chombo cha vijana, wazee mnaoishika leo mliinunua mkiwa vijana. Ilishinda ikiwa na sauti mbaya. Narudia kwa wale wanaoandika: ilishinda ikiwa na sauti mbaya.

Sasa twende Ulaya, kwa sababu huko ndiko hili neno kidijitali limejaribiwa kwa fedha nyingi.

Mfumo wao unaitwa DAB. Nitaueleza kwa lugha ya stendi. Kwenye FM kila stesheni ina bodaboda yake: mtambo wake, masafa yake, mafuta yake. Kwenye DAB stesheni kumi au ishirini zinapanda daladala moja. Mtambo mmoja unazibeba zote, na ile redio yako nyumbani kazi yake ni kumshusha abiria unayemtaka. Nafasi angani inabaki, gharama kwa kila stesheni inashuka. Kama fundi, nauvulia kofia.

BBC ilianza kurusha kwa mfumo huu Septemba 1995. Tatizo likawa vyombo vya kupokelea, bei yake ilikuwa ya kutisha. Mpaka mwaka 2002 ndipo ikatoka redio inayoitwa Pure Evoke-1, kwa pauni 99, na watu wakaanza kununua kweli kweli. Nimeiona. Ni nzuri. Ina kasha la mbao. Mara ya kwanza kuiona nikajikuta natafuta kitambaa cha mama cha kuifunika. (Kicheko.) Ilikuwa imerudi kabatini kwa baba!

Na hata zile zilizotengenezwa za kubeba zilikuwa na ugonjwa ambao mafundi mlioko hapa mtauelewa. Redio ya FM kazi yake ni nyepesi, betri mbili zinakaa wiki nyingi. Redio ya kidijitali inapiga hesabu muda wote, inapokea lile furushi, inalifungua, inasahihisha makosa, inatoa sauti, tena na tena kila sekunde. Hesabu inakula umeme. Zile za mwanzo zilimaliza betri kwa saa chache tu. Matokeo yake ni nini? Mwenye redio anaichomeka ukutani, inabaki ukutani. Redio ya mkononi imetolewa mkononi.

Wakati chipu zinapoanza kula umeme kidogo, mkono wa kijana ulikuwa umeshapata mpangaji mwingine. iPhone ilitoka mwaka 2007. Je, mnajua simu janja ya kwanza yenye DAB+, toleo jipya la DAB, ndani yake ilitoka lini? LG Stylus 2, mwaka 2016. Hesabuni wenyewe, tangu 1995. Na nyuma yake haukuja msafara.

Kuna nchi moja iliyokwenda mbali kuliko wote, Norway. Tarehe 11 Januari 2017, saa tano na dakika kumi na moja asubuhi kwa saa zao, walianza kuzima FM ya stesheni za kitaifa, wakianzia mji wa Bodø. Ilipofika Desemba mwaka huo huo walikuwa wamemaliza nchi nzima. Sababu zao zilikuwa za maana. Nchi yao ni milima na bahari inayoingia kati ya milima, kila bonde linataka mtambo wake, na kurusha stesheni ya taifa kwa FM kuliwagharimu mara nane ya DAB. FM iliwapa stesheni tano za kitaifa, DAB ikawapa zaidi ya ishirini. Wananchi walikubali? Kura ya maoni ya mwezi mmoja kabla ilionyesha asilimia 66 hawataki, wanaotaka asilimia 17. Stesheni ndogo ndogo za mitaani ziliachwa ziendelee na FM yao, jambo ambalo watu husahau kulisema.

Binti yangu mkubwa anaishi Bergen, huko huko Norway. Nilimtembelea wakati wa baridi, na sitawasimulia baridi ile kwa sababu tutakaa hapa mpaka kesho. Alikuwa na gari kuukuu, redio yake FM tu. Ilimbidi anunue kisanduku cha kunasa DAB, anakibandika mbele ya usukani, waya unapanda kwenye kioo. Kila tukipita tuta kinadondoka. Kila kikidondoka anasema neno ambalo sikumfundisha mimi. (Kicheko.) Kikishika vizuri, sauti safi, hakuna mkwaruzo, stesheni hata ya muziki wa dansi wa zamani ipo. Tukiingia nyuma ya mlima, mtangazaji anaanza kububujika kama anaongea chini ya maji, halafu kimya. FM ikizidiwa hukwaruza, inakuaga kidogo kidogo kama mgeni mwenye adabu. Dijitali inakata.

Nikawauliza wajukuu, mmoja miaka kumi na mitano, mwingine kumi na miwili: mnasikiliza redio? Mkubwa akajibu, "Kwenye gari la mama tu, babu." Ndiyo utafiti wangu wa Norway huo, watu wawili, wote ndugu zangu. Lakini lile jibu sikuliacha. Kwenye gari la mama. Mama ndiye anayeshika kitufe. Hilo gari lina tofauti gani na sebule ya baba yangu?

Na Ulaya wenyewe wamekiri hivyo kwa sheria. Tangu Desemba 2020 gari jipya lenye redio linalouzwa nchi za Umoja wa Ulaya lazima liweze kupokea redio ya kidijitali ya angani. Gari! Simu hawakuigusa.

Kwa hiyo mtu akija hapa kutuambia tuzime FM kesho ili vijana warudi, mwambieni anywe maji kwanza. Sisi tuna kumbukumbu ya ving'amuzi. Mwisho wa Desemba 2012 Dar es Salaam ilizimiwa televisheni ya analojia. Bibi mmoja jirani na dada yangu kule Temeke alilala ana televisheni, akaamka ana kabati la kioo. Miezi mingi alikuwa anaifuta vumbi kila asubuhi, akisubiri mwanawe amletee king'amuzi. Redio bado haijamfanyia bibi yule hivyo. Upo na mfumo mwingine, DRM, unaoweza kurusha kidijitali hata masafa mafupi, India wameuwekea mitambo mingi. Lakini nenda dukani katafute redio ya mkononi ya kuupokea, bei utakayotajiwa, kama utaipata, utaomba kiti.

Tuko pamoja? Haya, turudi kwenye mkono.

Mkono wa kijana wa Kitanzania leo umeshika nini? Simu. Na sasa nataka mtoe simu zenu, mtazame upande wa chini. Kuna tundu la eafoni? Wengine lipo, wengine halipo. Lile tundu lilikuwa na kazi mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Waya wa eafoni ndio uliokuwa antena ya redio. Simu nyingi zilikuwa na chipu ya FM ndani, na ule waya ulioning'inia shingoni ndio ulionasa mawimbi. Mwaka 2016 Apple wakaondoa tundu, wengine wakawafuata, vijana wakahamia kwenye Bluetooth. Antena ikaondoka na redio ikaondoka nayo, kimya kimya, bila mtu kupiga kura ya maoni kama Norway. Mwaka 2017, baada ya vimbunga vikubwa kupiga Marekani na Karibiani na mitandao kulala, mkuu wa tume ya mawasiliano ya Marekani akawataka Apple wawashe chipu za FM kwenye iPhone. Apple wakajibu kwamba iPhone 7 na 8 hazina chipu hizo wala antena zake. Ukitaka kujua lini redio ilitoka mkononi mwa kijana mwenye simu ya bei, iandike hiyo.

Lakini angalieni upande wa pili wa barabara. Nani bado ana FM mkononi? Mwenye kitochi. Mama ntilie, mvuvi wa Kigombe, mlinzi wetu hapa. Zipo hata simu za itel na Tecno zinazonasa FM bila kuchomeka eafoni, antena imefichwa ndani. Na kuna kile kiredio cha sokoni, mnakijua, kina tundu la flashi, tundu la memori kadi, tochi, na kipande cha sola mgongoni. Nimevifungua vingi. Ndani yake hakuna tena ule mkanda wa kuzungusha, kuna chipu ndogo kuliko punje ya mchele inayofanya kazi yote kwa tarakimu. Wimbi linalokuja ni FM ya zamani, kinacholipokea ni dijitali. Bodaboda wanakifunga kwenye usukani. Kwa hiyo redio ya mkononi yenye dijitali ndani tunayo tayari, na wanaoiweka mjini ni vijana. Shida ni kwamba muda mwingi kinacheza nyimbo za flashi. Kitufe cha FM kipo pale pale, sentimita moja kutoka kidoleni. Hatubonyezi. Kwa nini hatubonyezi?

Nitafika hapo. Kwanza kuna siku mbili nataka tuzikumbuke.

Ya kwanza ni Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Mnaikumbuka? Nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kule pwani ya kusini, kaskazini mwa Durban. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Bando lipo, intaneti haipo. Mpwa wangu mwenye miaka ishirini na moja alikuja kwangu na simu yake mkononi kama mtu aliyebeba ndege mgonjwa. "Mjomba, hebu itazame, imekufa." Nikamwambia simu nzima, bahari ndiyo imekatika. Hakunielewa. Nikawasha redio. Tukaketi uani, tukasikia wanaeleza kilichotokea. Alikaa saa nzima, hata hakuomba kubadilisha stesheni. Kesho yake hali ilipoanza kupata nafuu, akaniaga.

Ya pili ni tarehe 28 Aprili 2025. Mchana kweupe, Hispania na Ureno, karibu zote, umeme ukakatika. Madrid, Lisbon, treni zimesimama, taa za barabarani zimekufa, simu zikaanza kupoteza mtandao. Na watu wakafanya nini? Wakakimbilia madukani kununua redio za betri. Mitaani watu wakawa wamezunguka redio moja, imewekwa juu ya meza au kwenye dirisha la gari, vijana na wazee bega kwa bega. Ulaya ile ile yenye kila kitu! Nchi kama Sweden na Norway zimekuwa zikiwaambia raia wao kwa maandishi: wekeni ndani redio ya betri, kwa siku mbaya.

Mkiishia hapo mtapiga makofi na kusema redio imepona. Mimi sipigi. Mtungi wa zimamoto nao ni muhimu sana, uko pale ukutani, mwekundu. Nani humu ndani amewahi kuukumbatia? Kitu cha siku ya maafa kinaheshimiwa, hakipendwi. Mpwa wangu alikaa saa nzima, ndiyo. Halafu akaniaga. Redio ikijiuza kwa vijana kama mtungi wa zimamoto, itakaa ukutani mpaka tarehe yake ipite.

Kwa nini hatubonyezi kile kitufe? Wanangu, hapa sasa nawasema nyinyi mtakaoshika maikrofoni.

Nilikaa kijiweni, stendi ya bodaboda karibu na kwangu, siku ya Simba na Yanga. Vijana kumi na kitu, wengi wana simu janja. Mmoja anaangalia kwenye simu kwa bando lake, wenzake wamemzunguka. Mzee wa duka la pembeni ana redio, anasikiliza peke yake. Dakika fulani yule mzee anaruka: "Gooo!" Kijiwe kinamtazama, kwenye simu mpira bado uko katikati ya uwanja. Baada ya muda hivi, nusu dakika au zaidi, simu nayo inafunga goli. Mara ya pili mzee akaruka tena. Kufikia kipindi cha pili kijiwe chote kimehamia dukani kwa mzee, na yule mwenye bando ameizima simu, amesimama mstari wa mbele.

Mnajua kwa nini? Mawimbi ya FM yanafika hapo hapo. Matangazo ya mtandaoni hukatwa vipande, hupangwa foleni, hupita njia ndefu. Hata DAB huchelewa sekunde kadhaa, Waingereza wenye redio mbili jikoni wanaijua kero hiyo. Kijana hakuhamia dukani kwa sababu anaipenda historia ya redio tangu Sauti ya Dar es Salaam ya 1951. Alihamia kwa sababu hakutaka kushangilia nyuma ya wenzake. Pale ndipo redio ilipokuwa na kitu ambacho flashi haina: kinatokea sasa, na kinatutokea sote.

Sasa niambieni, ukiwasha stesheni zetu nyingi saa nne asubuhi, kuna nini kinachotokea sasa? Nyimbo zile zile ambazo kijana anazo kwenye flashi, mtangazaji anasoma salamu kwa sauti aliyoazima kwa mtangazaji mwenzake, tangazo la biashara, wimbo tena. Kama ni hivyo, kijana ana haki ya kubaki na flashi yake. Ina nyimbo hizo hizo na haina tangazo la sabuni.

Nairobi kuna Ghetto Radio. Inatangaza kwa Sheng. Wazee wa lugha waliguna, na mimi niliguna, maana nusu ya maneno siyashiki. Lakini kijana wa Eastlands akiiwasha anajisikia yeye mwenyewe anaongea. BBC nao, mwaka ule ule wa 2002, walipoanzisha stesheni ya 1Xtra kwa ajili ya muziki wa watu weusi, walikuwa wameona jambo: vijana wa London walikuwa hawaisubiri BBC, walikuwa wanajirushia wenyewe stesheni za wizi kutoka juu ya maghorofa, polisi wanang'oa antena, wao wanapandisha nyingine. Kiss FM ilianza hivyo mwaka 1985, ikapata leseni 1990. Rinse FM ilianza hivyo 1994, leseni ikaja 2010. Kijana aliyepanda ghorofa usiku na antena mgongoni, huyo utamwambia redio imepitwa na wakati? Siwaambii mkapande maghorofa, mgeni rasmi ananitazama. (Kicheko.)

Kwa hiyo mwalimu, jibu langu kwa swali lako ni hili, na si refu. Kile kisanduku peke yake, cha kununuliwa dukani kwa ajili ya redio tu, kijana hatarudi kukinunua kwa wingi, kiwe FM kiwe DAB. Sisi mafundi tuache kumngoja. Lakini chipu ya kupokea mawimbi ya bure ndani ya kitu ambacho tayari amekishika, hiyo anaihitaji kila siku bando linapoisha, na linaisha kila siku. Wenye mamlaka ya kuruhusu simu kuingia nchini wanaweza kuuliza swali dogo kwenye fomu: je, inanasa redio bila intaneti? Nalirusha hapa kwa sababu najua wapo wawili wameketi nyuma, nimewaona tangu mwanzo. Siku tukienda dijitali, na huenda tukaenda, maana masafa ya FM Dar es Salaam yamejaa kama Kariakoo mkesha wa sikukuu, tuanze na chombo cha mkononi cha bei ya kuku, ndipo tuguse mitambo. Wenzetu walianza na mitambo.

Na ninyi mtakaokwenda hewani, kitufe kiko sentimita moja kutoka kidoleni kwa kijana. Mimi fundi nimeshakileta hapo. Hiyo sentimita iliyobaki si ya ufundi.

Nilikuwa na la kuwaambia kuhusu mitambo midogo ya kijamii, lakini naona kofia ya mlinzi dirishani. Ameshakuja mara mbili, hii ya tatu ameonyesha saa. Saa kumi kasoro dakika sita. Kijana wa mbele hapo, wewe, tafadhali mpelekee. Shika kwa chini, mpira wa baiskeli umelegea. Na kama utabaki naye kusikiliza, uliza kwanza kama kuna nafasi kwenye benchi.